Sproketi ya nyuma ya meno 45 badala ya 42: inafaa? Na naimaliziaje?

Swali: Fundi, habari za kazi. Sproketi ya nyuma ya pikipiki yangu imekwisha, meno yamelala upande mmoja kama mapezi ya papa. Iliyokuja na pikipiki ina meno 42, ya mbele ina 14, cheni ni 428 yenye pingili 116. Nimetafuta ya aina yake nikakosa, nikapata nyingine ya chuma kitupu, haijapakwa chochote, ina meno 45. Matundu manne ya bolti yanalingana na ya zamani, ila tundu la katikati ni milimita 56 na mdomo wa habu yangu, yaani kitovu cha gurudumu, ni 58. Rafiki yangu anasema nilipanue kwa tupa, kisha niipeleke ikapigwe rangi ya unga nyekundu, ile inayopulizwa ikiwa unga kisha ikaokwa, mwili mzima ili kutu isiiguse. Cheni haijakatika, nilitaka niendelee nayo. Naomba ushauri wako.

Jibu: Ndugu yangu, sproketi hiyo inaweza kukufaa vizuri tu. Tupa haifai, rangi ya unga mwili mzima haifai, na cheni ya zamani haifai. Nitakueleza kila kimoja kwa nini, na nitaanza na tundu la katikati kwa sababu ndilo linaloharibu sproketi nyingi ambazo meno yake hayana kosa lolote.

Mtu akishika sproketi mpya, jicho lake huenda kwenye meno. Anayahesabu, anayapapasa, anaridhika. Lakini sproketi hukaa kwenye habu kwa kutegemea ule mdomo wa duara unaojitokeza katikati, ambao kwako ni wa milimita 58. Mdomo huo ndio unaoiweka sproketi katikati ya gurudumu. Bolti zina kazi nyingine, ya kubana na kupeleka nguvu, na matundu yake kwa kawaida hutobolewa mapana kidogo kuliko bolti zenyewe ili ziingie bila taabu. Sasa tundu la katikati likiwa pana kupita kiasi, au likiwa si duara kamili, sproketi itakaa popote itakapoangukia siku unapokaza nati. Itakaa pembeni kidogo, wala hutaiona kwa macho.

Utakachokiona ni cheni inayokaza na kulegea. Zungusha gurudumu kwa mkono: sehemu moja cheni imelegea vizuri, ukienda nusu mzunguko imekakamaa kama uzi wa gitaa. Jipigie hesabu mwenyewe. Chukua mfano wa umbali wa milimita 550 hivi kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma, na cheni yenye ulegevu wa milimita 25 ukiipandisha na kuishusha katikati. Urefu wa ziada uliomo ndani ya ulegevu huo wote ni kama nusu milimita tu. Kwa hiyo sproketi iliyokaa nusu milimita pembeni inatosha kumeza sehemu kubwa ya ulegevu kila inapozunguka. Ukilegeza cheni kwa kufuata sehemu inayokaza, inapiga kava kwenye sehemu inayolegea. Ukiikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, inavuta shafti ya gia kila mzunguko mpaka beringi na sili ya oili viseme.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, niliipanua moja kwa tupa ya nusu duara. Nilikaa nayo saa nzima, nikipima na kupunguza, nikipima na kupunguza, hadi ikaingia kwenye habu. Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Mwenye pikipiki akarudi baada ya miezi michache, oili inachuruzika nyuma ya sproketi ya mbele. Tulipofungua, sili ilikuwa imeliwa upande mmoja na beringi ina mchezo. Mkono wa binadamu hauwezi kuondoa milimita 1 kuzunguka duara zima kwa usawa, hata uwe mtulivu kiasi gani. Ndiyo maana nakuomba usishike tupa kwa kazi hii.

Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza, na uende na habu yenyewe mkononi. Usimpe namba "58" kwa mdomo. Mdomo wa habu iliyotumika miaka kadhaa huwa umeliwa, pengine ni 57.9 upande mmoja na 58 upande mwingine. Aupime kwa venia, ile rula ya taya yenye kipimo cha sehemu ndogo za milimita, sehemu tatu tofauti, kisha akereze tundu liwe kubwa kuliko kipimo kikubwa kwa milimita 0.05 hadi 0.1. Ikiwa sawa, sproketi itaingia kwa kusukumwa na vidole gumba viwili, bila kugongwa nyundo, na ukiitikisa ikiwa imekaa hutasikia mlio wowote.

Kabla hajaanza kukata, kuna jambo moja lazima mkubaliane. Mkerezaji mwenye haraka atalifuata tundu lililopo, yaani lile la 56, alifanye ndilo katikati. Likiwa lilitobolewa vizuri, hakuna neno. Likiwa lilitobolewa kombo, atakuwa ameliongeza ukubwa na kulibakiza kombo vilevile. Katikati ya sproketi ni katikati ya mabonde ya meno, kwa sababu humo ndimo rola za cheni, vile vipipa vidogo vinavyozunguka kati ya bamba zake, zinamolala. Rola ya cheni 428 ina kipenyo cha milimita 8.5 hivi. Kwa hiyo chukua biti ya drili ya 8.5, tumia kile kitako chake laini, kilaze ndani ya bonde moja, na geji ya saa, kipimo chenye sindano na uso kama wa saa, iguse juu yake. Zungusha kwa mkono, hesabu meno tisa, laza tena kitako, soma. Meno 45 yakigawanywa kwa 9 unapata vituo vitano, vinatosha. Sindano isihame zaidi ya 0.1 kati ya kituo na kituo. Ikihama zaidi, aigonge taratibu kwa nyundo ya mbao kwenye kibanio cha mashine hadi itulie, ndipo akate. Kazi hii inachukua kama robo saa, na ndiyo robo saa muhimu kuliko zote katika maisha ya sproketi hiyo.

Angalia pia unene wa sproketi pale katikati. Kuna pikipiki nyingi ndogo ambazo sproketi yake hushikiliwa kwenye mdomo wa habu na ringi ya kufungia, ile inayoingia kwenye mfereji, na bolti zake zinaingia ndani ya raba za habu, zile zinazopunguza mishtuko. Kama yako ni ya mtindo huo, sproketi mpya ikiwa nene kuliko ya zamani hata kwa milimita moja, ringi haitafika kwenye mfereji wake. Usiilazimishe ikae nusunusu. Ringi iliyokaa nusu hutoka njiani. Mwache mkerezaji apunguze unene wa eneo lile tu, upande wa nje, na kiasi kinachohitajika tu.

Matundu ya bolti umeshayapima, vema. Kwa wengine watakaosoma: yakiwa manne, pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Yakiwa matano hakuna linalotazamana na jingine, kwa hiyo pima kati ya mawili jirani kisha zidisha kwa 1.701, utapata kipenyo cha duara linalopita kwenye matundu yote. Angalia vilevile kama sproketi ya zamani ilikuwa bapa au ilikuwa na kina, yaani meno hayako kwenye uso mmoja na eneo la bolti. Iweke ya zamani juu ya meza, mpya kando yake, pima kutoka mezani hadi kwenye meno. Tofauti ya milimita 2 hapo inatosha kuifanya cheni ikimbie upindo na kula meno ubavuni.

Sasa meno. Kwa 14 mbele na 42 nyuma, uwiano wako ni 3 kamili: sproketi ya mbele ikizunguka mara tatu, gurudumu linazunguka mara moja. Ukiweka 45 unapata 3.21, yaani umeongeza asilimia 7. Pale ambapo injini ilikuwa ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kwa mwendo uleule sasa itazunguka kama mara 5,360. Pikipiki itaondoka kwa nguvu zaidi, itapanda kilima na mzigo bila kulalamika, lakini kwenye barabara ndefu iliyonyooka injini itapiga kelele zaidi na mafuta yataongezeka. Cheni yenyewe haitateseka kwa sababu ya 45 hiyo. Mvuto unaoipata cheni kutoka kwa injini unategemea ukubwa wa sproketi ya mbele: ya mbele ikiwa ndogo, cheni inavutwa zaidi.

Na bahati yako ni kwamba 45 inagawanyika kwa 15. Ukiweka sproketi ya mbele yenye meno 15, uwiano unarudi kuwa 3 kamili, pikipiki itakimbia kama ilivyotoka kiwandani, na cheni itajikunja kwa ulaini zaidi pale mbele. Mimi ningefanya hivyo, isipokuwa kama maisha ya pikipiki yako ni milima na mizigo. Kagua kwanza nafasi ndani ya kava ya mbele. Sproketi ya 15 ni pana kuliko ya 14 kwa milimita 4 ya kipenyo, yaani 2 kila upande, na kuna kava ambazo hazina hizo 2. Nyuma nako duara la meno linapanda kutoka kipenyo cha 170 hadi 182, kwa hiyo cheni itapita milimita 6 juu zaidi na 6 chini zaidi. Angalia isiguse kava ya cheni wala ule mkono wa nyuma unaobeba gurudumu. Kama spidomita yako inasoma mzunguko wa gurudumu la mbele, haitadanganyika. Kama inasoma kutoka kwenye shafti ya gia, basi ukibaki na uwiano wa 3.21 itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko ule unaokwenda.

Kabla hujaipenda sproketi hiyo moja kwa moja, ipime unene kwenye meno. Cheni za 420 na 428 zina umbali uleule wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo ukizitazama kwa harakaharaka sproketi zake zinafanana. Lakini nafasi ya ndani ya 428 ni milimita 7.9, na ya 420 ni 6.35. Jino la 428 lina unene wa karibu 7. Ukikuta 6 au pungufu, umeuziwa ya 420, na cheni yako itayumba juu yake kushoto na kulia. Irudishe.

Kisha ijaribu kwa tupa, na hapa ndipo tupa ina kazi. Chukua tupa ndogo yenye meno laini, ipitishe kidogo kwenye pembe ya ncha ya jino moja. Ikiteleza na kutoa mlio wa juu kama kioo, jino limekomazwa kwa moto. Ikiuma na kuacha unga wa chuma, jino ni laini. Halafu ipitishe karibu na tundu la katikati: hapo inatakiwa iume. Sproketi nzuri ya chuma ni ngumu kwenye meno ili isiliwe haraka, na laini kidogo katikati ili isipasuke. Kwa kuwa yako haina rangi, huenda ukaona kwa macho utepe wa buluu au kahawia unaozunguka kwenye shina la meno. Hapo ndipo moto uliishia. Laini kote haina maana kwamba ni ya kutupa, ila jua utaibadilisha mapema zaidi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile za alumini zinazong'aa. Ni nyepesi, na kwa mashindano zina maana. Kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku kwenye vumbi na tope, chuma kinadumu zaidi, hata kama alumini yenyewe ni ile ngumu ya 7075.

Sasa tuje kwenye kuimalizia, nikijua umeshaikereza. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa sproketi, upande mmoja kisha mwingine. Upande mmoja utakuwa laini, mwingine utakuwa na vibanzi vidogo vya chuma vinavyokwaruza ngozi. Hivyo vimebaki pale chuma kilipokatwa. Viondoe vyote kwa tupa laini au jiwe la kunolea lenye oili: kwenye meno, kwenye matundu ya bolti, kwenye tundu jipya la katikati. Kwenye meno gusa kingo za ubavuni peke yake. Usiguse bonde wala mgongo wa jino, yaani zile sehemu rola inapolala na kupanda, kwa sababu umbo lake limekatwa kwa hesabu na hutaweza kulirudisha. Ncha za meno zikiwa bapa kabisa, bila kupunguzwa ubavuni, zipunguze kidogo pande zote mbili ziwe kama paa la nyumba, ili bamba za ndani za cheni zisizigonge zinapoingia. Fanya kwa mkono. Ukitumia grainda, jino linapata joto, na chuma kikigeuka rangi ya buluu ujue kimefika kama nyuzi joto 300 na ugumu wake umeanza kuondoka. Jino hilo litaliwa kabla ya wenzake.

Uso unaokaa kwenye habu uwe bapa. Tafuta kioo kinene, weka msasa namba 240 juu yake, laza sproketi, isugue kwa kuizungusha kwa mwendo wa namba nane. Baada ya dakika moja geuza utazame. Sehemu zilizong'aa zinaguswa, zenye rangi ya zamani haziguswi. Endelea mpaka eneo lote linalozunguka matundu ya bolti ling'ae. Kisha iweke juu ya kioo kitupu, bonyeza ukingoni kwa kidole kuzunguka pande zote. Isigonge. Ikigonga imepinda, na uso ukishakuwa bapa huku meno bado yamepinda, hiyo si ya kusugua, ni ya kurudisha.

Kuhusu rangi, nakuomba unisikilize kwa makini, maana rafiki yako ana nia njema na ushauri wake unaweza kukuangusha barabarani. Rangi ya unga ina unene wa kama sehemu 60 hadi 100 za elfu za milimita kila upande. Kwenye fremu ni sawa kabisa. Kwenye sproketi inakaa katikati ya vitu viwili vinavyobanwa: chini yake habu, juu yake kichwa cha bolti. Unakaza bolti vizuri, kwa nguvu inayotakiwa. Kisha pikipiki inakimbia, sproketi inapata joto na mishtuko, na ile rangi inaanza kubonyea na kusukumwa pembeni. Bolti haikufunguka hata robo mzunguko, lakini kitu ilichokuwa ikikibana kimekuwa chembamba. Kimebaki kitu kilicholegea. Niliwahi kupokea gurudumu la namna hiyo: rangi nzuri kabisa ya bluu, na kuzunguka kila kichwa cha bolti kulikuwa na kola ndogo ya rangi iliyojikunja kama ganda la kitunguu. Matundu yalikuwa yamegeuka mayai, na bolti mbili kati ya nne nilizitoa kwa vidole. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa amembeba mtoto wake asubuhi ile.

Basi kanuni ya kumalizia sproketi ni kwamba pale chuma kinapogusana na chuma pabaki patupu, na pasipogusa kitu ndipo pa kupakwa. Patupu ni uso unaokaa kwenye habu, tundu la katikati, duara linalokaliwa na kila kichwa cha bolti au nati, na meno yote mpaka chini ya mabonde. Rangi kwenye meno haina faida, kwani cheni itaing'oa kwa siku chache na mabanzi yake yatachanganyika na oili kuwa kama msasa.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Naisafisha sproketi kwa parafini, mbali na moto, kisha kwa maji ya sabuni, naikausha palepale. Kila tundu la bolti naliweka bolti ya zamani na washa pana kidogo kuliko kichwa chake, pande zote mbili, nakaza kwa mkono. Zile washa ndizo zinazolinda duara la bolti, tena kwa usahihi kuliko utepe wowote. Uso wa habu na meno nazungushia utepe wa karatasi. Napaka rangi ya msingi yenye zinki, mkono mmoja mwembamba, kisha rangi mikono miwili myembamba, na naiacha siku nzima kabla ya kuondoa washa. Hata nyekundu utaipata. Eneo lililobaki tupu naligusa na oili nyepesi, kutu haitapata nafasi. Kama habu yako ni ya alumini, na nyingi ni hivyo, weka grisi kidogo sana kwenye mdomo wake kabla ya kupachika, maana chuma na alumini vikikaa pamoja na unyevu vinalana na kushikana, na siku ya kuitoa utalia nayo. Kwenye ule mtindo wa ringi na raba, grisi hiyo ina kazi ya pili: sproketi huzunguka kidogo sana juu ya mdomo kila raba zinapobonyea, na ikikauka inaula mdomo.

Kuna atakayekushauri uipake zinki. Zinki ya kupakwa kwa umeme ni nyembamba na haina shida ya kubonyea, ila meno magumu yakipita kwenye asidi na umeme hunywa haidrojeni, na chuma kigumu chenye haidrojeni huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Wanaojua kazi huioka mara baada ya kuipaka, kwa nyuzi joto 190 hadi 220, kwa saa kadhaa, ili haidrojeni itoke. Anayekupakia akikuambia haoki, usimwachie sproketi yako. Kuichovya kwenye zinki iliyoyeyuka ndiyo kabisa usifanye: beseni lile lina nyuzi kama 450, linaondoa ugumu wa meno na kujaza mabonde kwa matone.

Tuje kwenye cheni yako. Hesabu pingili 20, nyoosha vizuri, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini inayofunga pingili ya ishirini. Cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254. Ukipata 259 imerefuka asilimia 2, na kwangu hiyo imeshaondoka. Chuma chenyewe hakijavutika, ni pini na bushi zake zilizoliwa ndani, kila moja kidogo. Cheni iliyorefuka haiwezi kulala kwenye bonde la sproketi mpya. Inapanda mgongo wa jino, inalivuta kwa juu, na ndani ya muda mfupi jino jipya linachukua umbo la lile pezi la papa ulilolitaja. Sproketi ya mbele nayo imekula chakula kimoja na ya nyuma. Ibadilishe, iwe 14 au 15. Vitatu vinaingia pamoja.

Urefu wa kununua ni pingili 118. Ukiweka 15 na 45 umeongeza meno manne kwa jumla, ambayo yanahitaji pingili mbili, na gurudumu litakaa palepale lilipokuwa. Ukiweka 14 na 45 unahitaji pingili moja na nusu, ambayo haiuzwi. Kwa 118 gurudumu litarudi nyuma milimita 3 tu, na nafasi hiyo karibu kila pikipiki inayo. Tena 118 na 45 hazina kigawanyo kimoja, kwa hiyo kila rola itapita kwenye kila jino kwa zamu, na ulaji utagawanyika. Ile 116 yako na 42 kila jino lilikuwa linakutana na nusu ya rola zilezile maisha yake yote.

Siku ya kufunga, toa raba za habu uzitazame. Zikiwa zimepasuka au sproketi inacheza mbele na nyuma ukiishika kwa mikono miwili, weka mpya. Safisha hesi za bolti, yaani ile mizunguko ya nati, tumia washa mpya za kukunja au nati mpya za kujifunga, na ukaze kwa msalaba, kidogo kidogo, ukimalizia kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Namba za sproketi zitazame nje. Kisha funga kipande cha waya kwenye mkono wa nyuma, ncha yake ikaribie ubavu wa meno bila kugusa, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Injini iwe imezimwa. Tazama ule mwanya kati ya waya na chuma. Ukibadilika zaidi ya nusu milimita, fungua utafute uchafu kwenye uso wa habu kabla hujalaumu sproketi. Punje moja ya mchanga pale katikati inatosha kuyumbisha meno.

Ukifunga kufuli ya cheni, upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ulegevu upime pale cheni inapokaza zaidi, ukiwa umezungusha gurudumu mzunguko mzima, na ufuate kipimo cha kitabu chako. Pikipiki nyingi za barabarani huwa kati ya milimita 20 na 30. Na usije ukapaka cheni oili huku injini inazungusha gurudumu. Nimeona kidole kilichopita kati ya cheni na sproketi, sitaki kukieleza.

Endesha kilomita 100 hivi kwa upole, kisha rudi kwenye zile nati nne kabla ya kugusa kitu kingine. Uso mpya na habu huwa vinakaa, hata bila rangi, na nati inaweza kukubali kukazwa kidogo. Ikikubali, rudia tena kwenye kilomita 500. Nati ileile ikikubali mara ya tatu, hapo kosa si la nati, kuna kitu hakijakaa bapa. Fungua, tazama chini ya kichwa cha bolti hiyo, na uniandikie ulichokiona.